Karani wa Mzani wa Mshangano

Mwandishi wa tawasifu hii alizaliwa Mshangano, kata ya Manispaa ya Songea, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilipita akiwa karani wa mzani katika chama cha msingi cha ushirika, yaani chama cha wakulima wa eneo moja wanaokusanya na kuuza mazao kwa pamoja. Aliingia kazini katika miaka ya 1980, Ruvuma ilipohesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa kuwa mikoa minne mikuu ya mahindi nchini. Sifa hiyo ilijengwa na bei moja ya nchi nzima, utaratibu wa tangu katikati ya miaka ya 1970 ambao ulimlipa mkulima wa Songea sawa na aliyelima jirani na Dar es Salaam, huku gharama ya kusafirisha nafaka karibu kilomita 1,000 ikibebwa na serikali.

Utaratibu huo ulipoondolewa na biashara ya nafaka kuwa huria, wanunuzi hawakukosekana, kwa kuwa lami ya kutoka Makambako ilikwishafika na malori yalikuja hadi mashambani. Kilichokosekana ni uwezo wa mkulima kusubiri. Karani aliwaona jirani zake wakiuza mahindi yangali mabichi ili wapate fedha za mbolea, kisha wakati wa mavuno wakikabidhi lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo na kushonwa likiwa na nundu, ambalo lililipwa kama la kilo 100 ingawa lilizidi. Dhuluma hiyo, ambayo sheria ya vipimo inaikataza, ilimuumiza kuliko jambo jingine lolote la kazi yake, kwa sababu ilikoma papo hapo palipowekwa mzani uliokaguliwa.

Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), ulioanzishwa mwaka 2008, ulileta mnunuzi mkubwa mwenye bei ya kutangazwa, lakini soko la namna hiyo hudai nafaka safi na kavu, na kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu unyevu uzidi asilimia 13.5. Uzito wa sharti hilo ulidhihirika Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokaushwa vizuri. Mwenye turubai na ghala hulitimiza. Aanikaye juu ya udongo hushindwa.

Ufuta, soya na mbaazi za Ruvuma sasa huuzwa kwa stakabadhi ghalani, mfumo wa sheria ya mwaka 2005 ambao humpa mkulima hati ya mzigo uliopimwa na kuhifadhiwa hadi mnada. Viongozi wa ushirika wanaombwa kuyatendea mahindi hivyo hivyo: mzani uliokaguliwa na turubai za kukaushia viwe vijijini kabla ya mavuno, na mkopo wa pembejeo utolewe kabla mlanguzi hajafika shambani.