Kuelewa si Kuzoea

Kwenye gereji ya parokia yetu kuna Ford Model A ya mwaka 1930. Likizo iliyopita nilimsaidia mzee fundi kuitunza. Betri ilikuwa dhaifu, hivyo tuliiwasha kwa hendeli. Kwanza wenzo wa cheche, ulio kushoto kwenye usukani, husukumwa juu kabisa ili cheche ichelewe. Cheche ikiwahi, injini huirudisha hendeli nyuma kwa kishindo.

“Umeelewa, Frateri?”

“Nimeelewa, Mzee.”

Siku ya tatu nilitaka kumwonyesha kwamba naweza peke yangu. Nikausahau wenzo. Hendeli ikanivunja kifundo cha mkono.

Akinifunga kitambaa hakunikaripia. Alisema tu, “Ulielewa. Hujazoea.”

Muhula ule nilikuwa nimefaulu vizuri mtihani juu ya Aristotle, anayefundisha kwamba fadhila hupatikana kwa kutenda mara kwa mara. Niliyajua hayo kwa kalamu.

Mkono umepona. Jumamosi iliyopita niliendesha hadi kigangoni, nikikanyaga klachi mara mbili kila nilipobadili gia. Lakini kabla ya kugusa hendeli, niliutazama wenzo. Mzee aliniona, akanyamaza.