Marudi ya Sauti

Mti hauendi ila kwa nyenzo, walisema wazee. Gogo lililoanguka shambani haliondolewi kwa kelele wala kwa hasira, ila kwa kutiwa vijiti chini yake likaviringishwa. Sauti ndogo nayo haifiki mbali ila kwa nyenzo zake. Sindano ya santuri ipitapo katika mifuo ya sahani huzaa umeme haba sana, usioweza kutikisa hata spika iliyo ndogo. Kati ya sindano ile na masikio ya watu waliokaa barazani lazima pawe na chombo cha kukuza sauti. Habari ya chombo hicho, jinsi kijana mmoja alivyokibuni na jinsi watu wengi walivyokijenga nyumbani kwa mikono yao, ina mafunzo hata kwa mtu asiyepata kushika koleo maishani mwake.

Mwaka 1943 D. T. N. Williamson, kijana wa Scotland mwenye umri wa miaka 20, alishindwa mtihani wa hesabu, akatoka katika Chuo Kikuu cha Edinburgh pasipo shahada. Kila aliyepata kusimama mbele ya orodha ya waliofaulu, akalitafuta jina lake asilione, anaujua uzito wa siku kama ile. Wakati huo ulikuwa wa vita, na kwa kuwa afya yake haikumruhusu kuwa askari, alipelekwa London kufanya kazi katika kiwanda cha valvu. Mwaka uliofuata alihamishiwa katika maabara ya kiwanda hicho, na huko akapata nafasi ya kufanya mambo yake mwenyewe baada ya kumaliza kazi aliyopewa. Hakuipoteza nafasi hiyo kwa kusikitikia mtihani. Kabla ya mwisho wa mwaka 1944 alikuwa amekwisha kujenga chombo chake cha kwanza na kukipima.

Msomaji ambaye hajaiona valvu aifikirie kama chupa ya kioo, mfano wa taa, ambayo hewa yote imetolewa ndani yake. Kazi yake ni kama ya mlango wa mfereji wa maji. Mtoto aweza kuuinua mlango ule kwa mkono mmoja, na maji mengi yakapita kwenda shambani. Nguvu ya maji si ya mtoto. Ni ya mto. Kazi ya mtoto ni kuamuru tu. Vivyo hivyo umeme haba utokao katika sindano hauongezeki wenyewe, bali huamuru umeme mwingi utokao mahali pengine. Williamson aliweka valvu nne za kutayarisha sauti, kisha mwishoni valvu mbili kubwa zilizofanya kazi kwa kupokezana, kama wapasuaji mbao wawili wenye msumeno wa shimo: mmoja avutapo juu, mwenziwe hulegeza chini, kisha huyu naye huvuta. Nguvu iliyopatikana ilikuwa wati 15, nayo yatosha kabisa kwa sebule ya nyumba.

Lakini kukuza sauti si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuikuza bila kuiharibu. Kila valvu huongeza kosa lake dogo, na kosa likikuzwa pamoja na sauti, zeze hulia kama debe, na mwimbaji husikika kama mtu mwenye mafua. Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa imekwisha kupatikana Marekani. Harold Black, mhandisi wa simu, alihangaika kwa miaka mingi na mambo hayo, maana katika simu za masafa marefu sauti ilikuzwa mara nyingi njiani, na makosa yakajumlishana. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, alipokuwa akivuka mto Hudson kwa feri kwenda kazini New York, jawabu lilimjia. Hakuwa na karatasi, basi akaandika hesabu zake juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo mkononi.

Jawabu lenyewe ni hili. Bwana akimsomea karani barua, kisha akamwamuru amrudishie kwa sauti yale aliyoyaandika, kosa hujulikana papo hapo, likasahihishwa kabla barua haijatiwa katika bahasha. Black alichukua sehemu ndogo ya sauti iliyokwisha kukuzwa, akairudisha mlangoni mwa chombo, ikalinganishwa na sauti asili. Tofauti baina ya hizo mbili ndiyo kosa, na chombo hujisahihisha chenyewe kwa tofauti hiyo. Kiswahili kina neno zuri linalofaa hapa. Kurudi ni kuja tena mahali ulipotoka. Na kumrudi mtoto ni kumwonya ili anyoke. Sauti hii hurudi, na kwa kurudi kwake hurudiwa. Hayo ndiyo marudi.

Hata hivyo marudi yana gharama yake. Chombo chenye marudi hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kukuza. Williamson alitaka makosa yapunguzwe hata ibaki sehemu moja tu katika kumi. Basi ilimbidi ajenge chombo chenye uwezo mara kumi kuliko uliohitajiwa, kisha autoe ule uliozidi kama kafara. Mtu mwenye kiburi huona hiyo ni hasara. Lakini katika chombo chake makosa yaliyobaki, kikifanya kazi kwa nguvu zake zote, hayakuzidi sehemu moja katika elfu, na sikio la binadamu haliwezi kuitambua.

Tena pana hatari nyingine. Marudi yakichelewa, hugeuka kuwa uharibifu. Mtoto aliyekosa asubuhi akarudiwa saa ile ile hufahamu. Lakini akirudiwa baada ya mwezi mmoja, siku aliyotenda mema, hupotea zaidi. Katika chombo hiki kilichoweza kuichelewesha sauti kuliko vyote ni transfoma ya kutolea sauti, ile iunganishayo valvu na spika. Williamson aliisuka kwa sehemu nyingi zilizopishana, waya mwembamba na waya mnene, kwa uangalifu mkubwa. Mafundi wengine waliofuata mchoro wake lakini wakatia transfoma ya bei rahisi walivuna walichopanda: chombo kilinguruma kama injini ya mashua, au kikapiga kelele nyembamba zisizosikiwa na mtu huku kikizichosha valvu. Kosa halikuwa la mchoro. Lilikuwa la mtu aliyetaka kuokoa shilingi chache mahali pasipostahili.

Mchoro huo ulichapishwa Uingereza katika gazeti la Wireless World, toleo la Aprili na la Mei 1947. Baada ya hapo watu wasiohesabika, makarani, walimu na mafundi, walikaa usiku mezani wakitoboa bati kwa keekee, wakilainisha matundu kwa tupa, wakiunga nyaya kwa lehemu. Kazi hiyo haikuwa mchezo. Ndani ya chombo mlipita umeme wa volti 450, wa kutosha kumwua mtu, na vyombo viwekavyo umeme huweza kubaki navyo hata baada ya swichi kufungwa. Kwa hiyo fundi mwenye busara hutoa kwanza umeme uliobaki. Na ikimlazimu kupima chombo kikiwa na moto, huweka mkono mmoja mfukoni, umeme usije ukapata njia ya kupita kifuani mwake. Mkono ule wa mfukoni si uvivu, ni akili. Mjane hafarijiwi na uzuri wa santuri.

Ndipo hufika saa ya kujaribu. Valvu huanza kuwaka polepole, rangi ya makaa. Fundi husikiliza kwanza kimya, maana chombo kizuri hujulikana kwa ukimya wake kabla ya kujulikana kwa sauti. Pasipo mvumo, huiweka sindano juu ya sahani, na watu wa nyumbani walioudhika kwa moshi wa lehemu kwa majuma mengi husogea karibu.

Williamson aliendelea na uhandisi, akajulikana kwa mitambo ya kukata vyuma iongozwayo na mashine za hesabu. Mwaka 1968 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jamii ya wanasayansi wakuu wa Uingereza, yeye aliyeshindwa hesabu chuoni. Alifariki mwaka 1992.

Basi mzazi ambaye mwanawe amerudi nyumbani na karatasi ya kushindwa, asiharakishe kusema kwamba ada imepotea bure. Amrudi, naam, lakini kwa wakati wake na kwa kipimo, kisha aangalie mikono ya mtoto yule hushika nini pindi anapoachwa peke yake. Huenda nyenzo ya kuliondoa gogo iko humo.