Nusura nidisko kwa rejista moja

Najua nimepotea. Siyo kwamba bumu liliingia nikawasahau, hapana. Nilikuwa na sup ya Mifumo Endeshi, na anayejua sup anajua: ukianguka na hapo, unafunga mizigo ukamweleze mzee nyumbani.

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika kiini kidogo cha mfumo endeshi, kiwake kwenye QEMU, kiendeshe programu moja huku saa ya mashine ikiikatiza mara 100 kwa sekunde. Programu yangu ilijumlisha namba kuanzia 1 hadi milioni moja. Jibu lake ni 500000500000.

Basi bwana, mara nyingi jibu lilikuwa hilohilo. Halafu kama mara moja kati ya kumi linatoka dude la ajabu! Hakuna ujumbe wa kosa, mashine haizimi, kimya tu. Rumeti akaniambia, "Kaka, acha hivyohivyo. Mwalimu ataiendesha mara moja tu." Nisiwadanganye, nilishawishika. Nikazima taa nilale. Usingizi haukuja.

Saa nane usiku nikarudi kwenye mashine nikaanza upya, mlangoni kabisa. Katizo likija, prosesa inaacha inachofanya na kurukia anwani iliyo kwenye jedwali la makatizo, IDT. Kwenye hali ya biti 64, kabla ya kuruka, inahifadhi vitu 5 tu kwenye steki: SS, RSP, RFLAGS, CS na RIP. Yaani inajiwekea alama ya kurudia, basi. RAX, RCX, RDX na wenzao haiwahifadhi, huo ni mzigo wako wewe mwandishi wa kiini. Ndiyo maana mlango huu kwa kawaida huandikwa kwa asembli. Ukiingia kwenye C moja kwa moja, kompaila inazitumia rejista kama mali yake kabla hujaziweka pembeni.

Nikafungua faili la entry_64.S la Linux. Wale jamaa wanahifadhi rejista zote 15 zilizobaki. Halafu, tangu sakata la Spectre la 2018, wanazifuta pia, ili mabaki ya mgeni yasitumike ndani ya nyumba. Nikaweka kidole kwenye skrini, nikalinganisha na zangu moja moja. Zangu zilikuwa 14. RDX haipo!

Na RDX ndiyo ilibeba jumla yangu. Saa inakatiza kila milisekunde 10, na kujumlisha kunaisha kabla ya muda huo, kwa hiyo mara nyingi katizo linaikuta programu imeshamaliza. Likiangukia katikati, kipande changu cha C kinaitumia RDX na kuondoka, na programu inaendelea kujumlisha juu ya takataka. Yenyewe haijakosea popote, wala haina namna ya kujua kuwa iliwahi kusimamishwa.

Hapo nikamkumbuka rumeti alivyonifokea wiki iliyotangulia. Nilioga maji ya ndoo yake, nikairudisha palepale ilipokuwa, tupu. Nilimwona ana makelele. Kumbe mie ndiye nilikuwa RDX ya watu!

Nikaongeza mistari miwili, wa kuihifadhi na wa kuirudisha. Nikalala.

Jumatatu mwalimu hakuiendesha mara moja. Aliiweka kwenye mzunguko wa mara 1,000, akaenda kunywa chai! Rumeti, aliyekuja kunipa moyo, alinitazama bila kusema neno. Ule mstari wa namba ulishuka kwenye skrini, 500000500000, 500000500000, nami nasali kila mmoja. Zote 1,000 zilikuwa sawa.

Matokeo bado hayajabandikwa, mniombee. Ila ndoo ya mtu nimeijaza leo asubuhi, tena mpaka juu. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.