Wengi Wape

Methali hii tulifundishwa mwaka wa kwanza katika somo la fasihi simulizi. Mhadhiri alitutaka tueleze maana yake, nasi karibu sote tukajibu kwamba panapokuwa na uamuzi, wachache hufuata matakwa ya wengi. Tulipata alama zetu. Sikuandika kwamba methali yenyewe haisemi wengi wapewe nini, wala kitu hicho kichukuliwe kwa nani, ingawa nilikuwa na sababu ya kulijua hilo.

Nilisoma katika shule ya bweni mashariki mwa Uganda. Tukiwa kidato cha nne, muhula wa pili, wanafunzi fulani walichoshwa na maharage yenye wadudu, wakatoka usiku wakaipiga mawe stoo ya chakula na ofisi iliyo jirani yake. Vioo 14 vilivunjika. Asubuhi mwalimu mkuu alitukusanya uwanjani akasema kwamba asipopata jina la mhusika kufikia jioni, darasa letu lote lingerudishwa nyumbani kwa wiki tatu, na kila mzazi angelipa faini kabla ya mwanawe kupokelewa tena. Tulikuwa 71.

Viranja tulikuwa wanne, nami nilikuwa kiranja wa bweni la wavulana. Tulikaa nyuma ya jiko tukapiga hesabu. Kulikuwa na mwenzetu mmoja mwenye deni la karo, na sote tulijua kwamba Jumatatu mhasibu angemrudisha nyumbani hata kama vioo vingekuwa vizima. Hakuwa na marafiki wengi. Baba yake hakuwa mtu wa kuja shuleni kugombana na walimu. Basi upande mmoja mtu mmoja na wiki tatu ambazo angezikosa vyovyote vile. Upande wa pili watu 70, faini 70, na miongoni mwao msichana ambaye baba yake alikuwa akisubiri kisingizio tu ili amwoze. Jina lilipelekwa. Nililipeleka mimi.

Usiku ule wa mawe kijana huyo alikuwa kitandani na malaria. Nilijua, kwa kuwa mimi ndiye niliyempelekea maji ya kumezea dawa. Jina lake nimekwisha kulitaja mara moja mahali pasipofaa, hapa silitaji.

Aliambiwa arudi na mzazi pamoja na bei ya vioo vyote. Hakurudi. Mtihani wa taifa hakuufanya. Sisi tuliufanya, na yule msichana leo ni mkunga.

Mwaka wa pili chuoni nilichukua somo la falsafa ya maadili. Tulianza na nadharia ya manufaa na mwasisi wake Jeremy Bentham, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake kikuu mwaka 1789. Kwake yeye, tendo jema ni lile linalozidisha raha na kupunguza maumivu ya wote wanaoguswa nalo, na katika hesabu hiyo bwana na mtumishi wana uzito sawa. Nikiri kwamba niliipenda nadharia hii, na bado naipenda. Ndiyo iliyomfanya Bentham ahesabu hata maumivu ya wanyama, wakati ambapo sheria za nchi yake hazikuwajali. Haina upendeleo wa kabila wala ukoo, na katika nchi zetu hilo si jambo dogo.

Kisha mhadhiri akatupa mfano wa mwanafalsafa H. J. McCloskey, wa mwaka 1957. Uhalifu umetendeka katika mji mdogo, raia wamepandwa na hasira, na mkuu wa polisi anajua kwamba akimsingizia mtu mmoja asiye na hatia, ghasia zitakazoua wengi hazitatokea. Afanyeje? Mhadhiri akauliza nani kati yetu angemtoa mtu yule. Hakuna aliyeinua mkono. Darasa zima lilikuwa la watu wema, nami nilikuwa nimekaa katikati yao.

Mjadala ulikuwa mkali. Wako wanaoitetea nadharia ya manufaa kwa kusema kwamba hatupimi tendo moja moja, tunapima kanuni: shule ambayo majina hubuniwa itapoteza imani ya kila mtu, kwa hiyo hesabu ya muda mrefu inakataza. Jibu hili halikunitosha. Shule yetu haikupoteza imani yoyote, kwa sababu viranja wanne tulinyamaza. Tena, hata kama ingepoteza, nasikia kana kwamba kosa letu lilikuwa dhidi ya utaratibu wa shule, na kijana mwenyewe amekuwa mfano tu.

Immanuel Kant, Mjerumani, aliandika mwaka 1785 kwamba binadamu asifanywe kamwe kuwa chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Hapo niliguswa penyewe. Sisi tulimtumia kama mtu anavyotumia jiwe kuzuia gurudumu. Lakini Kant naye ana yake. Mwaka 1797 alishikilia kwamba mtu asiseme uongo hata kwa muuaji anayemtafuta rafiki yake. Kwa kipimo hicho ilitupasa tuende nyumbani sote 71, na msichana aozwe, ili sisi viranja tubaki na ndimi safi. Nikimkumbuka yule mkunga, siwezi kulitamka hilo bila kusitasita.

Nilikwama hapo muhula mzima, hadi nilipogundua jambo ambalo huenda wenzangu mmeshaliona. Mfano wa McCloskey una njia mbili tu. Sisi tulikuwa na ya tatu. Waliovunja vioo tuliwajua angalau wawili. Walikuwa wakubwa, wenye mikono mizito, na tuliwaogopa. Majina yao hayakutajwa hata mara moja pale nyuma ya jiko. Woga ulimaliza kazi yake kwanza, ndipo hesabu ikaanza, na hesabu haikuuliza ni nani aliyekwisha kuondolewa mezani. Bentham angetulaumu, naamini, kwamba hatukuhesabu vizuri. Ila nashuku ndivyo watu wanavyohesabu mara nyingi: wengi hupewa, na anayetolewa ni yule asiye na wa kumsemea.

Nadharia iliyobaki nami ni ya W. D. Ross, Mskoti, katika kitabu chake cha mwaka 1930. Haina mvuto wa kanuni moja. Ross anasema tuna wajibu wa namna nyingi na hakuna mizani moja ya kuupima wote: kutimiza ahadi, kushukuru, kutenda haki, kutodhuru, na mwingine ambao niliusoma mara kadhaa, wajibu wa kumfidia uliyemkosea. Nadharia ya manufaa hutazama mbele tu. Kwa Ross, jana nayo inadai.

Mwezi Januari nilikwenda kwenye mji ulio karibu na shule ile, nikamkuta steji ya bodaboda. Alinitambua kabla sijamtambua. Alinipeleka nilikokwenda, na nauli ya shilingi 2,000 akaikataa. Aliwaambia madereva wenzake, huku ameniwekea mkono begani, kwamba huyu ndiye kiranja aliyempelekea maji siku aliyokuwa anakufa kwa malaria. Wakanishukuru. Nikapokea shukrani zao.

Namba yake ninayo. Nimeandika haya kwa Kiswahili, lugha ambayo yeye huizungumza kidogo na haisomi. Rafiki yangu aliyesoma rasimu aliniuliza kama hiyo ni bahati tu. Sikumjibu. Tunafunga chuo mwezi wa tano, na mji ule ni mwendo wa saa nne kwa basi.