Pumzi Ndani ya Barakoa

Jumapili ya tarehe 19 Aprili 2020 niliingia kanisani nimevaa barakoa ya kitenge aliyonishonea binti yangu. Ilikuwa siku ya mwisho ya zile siku tatu za maombi ya taifa alizotangaza Rais Magufuli kwa ajili ya korona. Mlangoni tulinawa kwenye ndoo yenye koki, tukakaa mbalimbali, na mchungaji akatuongoza katika toba kwa ajili ya nchi: rushwa, ushirikina, damu isiyo na hatia. Mimi naimba besi kwaya. Nililia kuliko wote: Bwana, tumekosa, tusamehe!

Kila nilipotamka neno, pumzi iligonga kitambaa ikanirudia puani. Gongo. Alfajiri ile nilikuwa nimepiga nusu glasi nyuma ya banda la mbuzi, nikatafuna karafuu juu yake. Miaka yote harufu ile waliinusa wengine. Siku hiyo nililetewa mwenyewe. Papo hapo nikaelewa kwa nini sala ya taifa ilikuwa tamu kwangu. Ndani ya ile “tu” ya “tumekosa” mlikuwa na watu zaidi ya milioni hamsini. Nani angeniona?

Mimi ni seremala, mtoto wa mlimani, Kilimanjaro. Kwetu mtu huzaliwa akaikuta pombe. Mbege ya ndizi mbivu na kimea cha ulezi iko kwenye posa, iko kwenye msiba, iko kwenye kikao cha kugawa kihamba, shamba la ukoo. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili alasiri alikuwa na kata yake, moja, haizidi. Mama alikuwa mlokole, wa ule uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, ukazagaa Afrika Mashariki. Kwake hata tone lilikuwa dhambi. Baba alimkumbusha harusi ya Kana, mama akamjibu kwa Mithali. Walizeeka hivyohivyo, wakisali pamoja kila usiku, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Mimi sikuangushwa na kata ya baba. Niliangushwa na viroba, vile vipakiti vya pombe kali. Kiroba kilikaa mfuko wa shati kando ya penseli, na mteja hajui kama fundi anatafuta penseli au anatafuta kingine. Serikali ilipovipiga marufuku, 1 Machi 2017, nilishukuru kwa moyo kabisa, kana kwamba nchi imetubu kwa niaba yangu. Wiki haikuisha nilikuwa nimeshajua nyumba mbili zinazouza gongo.

Ada ya kijana wetu wa kidato cha tatu mke wangu aliificha ndani ya Biblia, akidhani huko sitafika. Nilifika. Ilikuwa Januari 2020. Hakupiga kelele, alifunga mizigo akarudi kwao na wale wadogo. Binti mkubwa alikataa kuniacha.

Basi baada ya ibada ile niliapa: sinywi tena, na nafunga siku tatu, bila chakula wala maji. Jumatatu asubuhi randa iliniponyoka mikononi mara mbili. Usiku binti alinikuta chini ya meza ya karakana, nimeuma ulimi, nywele zimejaa maranda, natetemeka mwili mzima. Majirani wa kikundi cha maombi wakaja, wakaniwekea mikono, wakaikemea roho ya ulevi. Wapo wanaowacheka watu kama hao. Mimi siwacheki, kwa sababu hao hao ndio waliochanga nauli ya bodaboda iliyonifikisha hospitali.

Daktari aliniuliza nani kanishauri kuacha namna ile. Nikaona aibu kumjibu kuwa ni Mungu. Akanieleza kuwa mwili uliozoea pombe miaka mingi ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege, na mtu akafa. Huachishwa kwa dawa, chini ya macho ya mganga. Nilikaa wodini siku sita. Huko ndiko nilikosali sala fupi kuliko zote za maisha yangu. Nililitaja jina langu, nikataja Biblia ya mke wangu na kiasi cha fedha nilichochomoa humo, mpaka mia ya mwisho.

Nehemia alipolia juu ya Yerusalemu iliyobomoka, aliungama dhambi za Israeli, lakini alijitaja na yeye na nyumba ya baba yake. Nimesikia mahubiri mengi juu ya kitabu chake. Karibu yote yalihusu ukuta.

Mwezi wa nane nilikwenda ukweni na mshenga, mkononi nimeshika jani la isale. Kwa Wachagga, ukimwendea uliyemkosea na isale, ni vigumu mno kukukataa. Baba mkwe alilitazama jani, akatazama nyuma yangu.

“Mbege iko wapi?”

“Shikamoo baba. Sikuja nayo.”

“Unaomba radhi mikono mitupu?”

Mshenga alianza kujieleza, lakini mke wangu akatokea jikoni na birika la chai, akamimina vikombe vinne bila kuniangalia. Alirudi nyumbani Desemba. Ada niliirudisha kidogokidogo, kwa vitanda na makabati.

Watu huniuliza sasa kama pombe ni dhambi. Baba yangu hakutenda dhambi kwa kata yake, nadhani, na mama hakukosea kuiogopa. Kwangu mimi mjadala huo umefungwa. Hata Meza ya Bwana nimemweleza mchungaji, naye amenikubalia nipokee mkate tu. Wenzangu wanapiga magoti, kikombe kinapita kutoka mdomo hadi mdomo. Kikifika kwangu nafunga mikono kifuani. Harufu ya divai hainiruki. Natulia mpaka ifike kwa jirani, ndipo nasimama.