SEHEMU YA 14: TRENI YETU HAINA BETRI

Leo siongelei uji wala chanjo. Naongelea treni.

Shume yetu iliwahi kuwa na njia ya angani. Enzi za Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mbao na magogo ya mtarakwa, ule mti wa penseli, yalining'inizwa kwenye waya mnene kutoka huku juu hadi Mkumbara, kama kilomita 9. Kule chini yalipakiwa kwenye treni ya Tanga. Reli hiyo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905 na Moshi 1911.

Hiyo ndiyo tunayoijenga nyumbani, mimi na kijana wangu wa miaka 8, siku nikiwa sina zamu. Reli ni vipande vya mbao za paini, mabehewa ni maboksi ya dawa ya meno, magurudumu ni vizibo vya soda. Njia ya angani ni kamba kutoka barazani hadi kwenye kisiki shambani. Makopo mawili yamefungwa kwenye uzi mmoja unaozunguka kigurudumu cha uzi wa cherehani: lenye vijiti likishuka, tupu linapanda lenyewe. Uzito unafanya kazi yote.

Hesabu nazo zimo. Reli ya kweli ina upana wa mita 1, yetu sentimita 5, yaani imepunguzwa mara 20. Kijana akapiga hesabu ya zile kilomita 9: mita 450! "Mama, kamba itapita kwa majirani wote!"

Sasa mwezi uliopita shemeji alikuja kutoka Dar na treni ya dukani, inawaka taa na kulia. Watoto walishangilia. Nikaigeuza: kifuniko cha betri hakina skrubu, unakifungua kwa ukucha. Ndani kuna betri tatu bapa kama sarafu. Na mimi nina binti wa miaka 2 anayeonja kila kitu.

Nikasema, "Shemeji, asante sana, lakini hii naiweka juu ya kabati." Akanuna. Mama mkwe akasema nimezidi unesi. Ilikuwa ngumu jamani, zawadi ya mtu aliyesafiri siku nzima.

Nikawaeleza kama ninavyowaeleza ninyi. Betri ya aina hiyo ikikwama kooni, umeme wake ukikutana na mate unaunguza nyama. Ndani ya saa 2 tu kidonda kinaweza kuwa kikubwa. Mtoto anaweza kutoa udenda, kukohoa, kukataa chakula, au asionyeshe dalili yoyote. Na sisi wa Shume tunajua mvua zikinyesha barabara ya kushuka Lushoto inakuwaje.

Ukihisi mtoto kameza betri:
👉 Usimtapishe, usimpe kula wala kunywa.
👉 Usingoje dalili. Nenda hospitali yenye eksirei sasa hivi.
👉 Ukifika mlangoni sema "betri", usikae foleni. Kama una betri inayofanana, nenda nayo.

Mnaotengeneza nyumbani: kingo za kopo zipigwe nyundo zilale, na vizibo visiachwe chini kama kuna mtoto chini ya miaka 3, vinakaba. Kamba ifunguliwe mchezo ukiisha, isije ikanasa shingo. Mkubwa awepo.

Shemeji alikaa pembeni kama nusu saa. Kisha akaomba kisu, akaanza kuchonga daraja. Kesho yake akaahirisha basi, kwa sababu daraja lilikuwa halijakaa sawa.

Treni ya dukani bado iko kabatini, betri nimezitoa. Ninyi kwenu rimoti na saa za ukutani mnaziweka wapi? Kaangalieni vifuniko leo, kisha mniambie hapo chini.

Sehemu ya 15: homa ya usiku.