Karamu za Watu wa Majengo

Ukumbi mkubwa wa hoteli ya Grosvenor House, pale Park Lane jijini London, ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 uwe kiwanja cha kutelezea kwenye barafu. Malkia Elizabeth alijifunzia humo akiwa mtoto. Baadaye sakafu ikafunikwa, zikatundikwa taa za vioo, ukawa ukumbi wa karamu wa kuketisha watu hadi 2,000. Mgeni huingilia juu, usawa wa barabara, husimama kidogo kwenye roshani, kisha hushuka ngazi huku walioko chini wakimtazama. Kwa wageni ninaotaka kuwasimulia, ngazi ile ilikuwa na kazi kubwa kuliko jukwaa.

Nilikuwa weita wa karamu, mmoja wa vijana wa Pwani waliopangiwa kazi na wakala, leo hoteli hii, kesho ile. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nilihudumia harusi, mabenki na vilabu vya kriketi. Lakini karamu ambazo sijazisahau, zaidi ya miaka 30 baadaye, ni zile za watu wa majengo: usiku mmoja wa kupeana tuzo, kula, na kuchangia wasio na makazi.

Walikuwa wajenzi wa maofisi, madalali wa nyumba na viwanja, wathamini, wanasheria wa hati, wasanifu, na wenye mabenki waliowakopesha wote hao. Karibu wote walikuwa wanaume, suti nyeusi na tai za kipepeo. Ukiwatazama kutoka roshani usingeweza kumtenga mwenye mnara na aliyemuuzia lifti. Kilichowatenga ni meza.

Kampuni ilinunua meza nzima ya watu kumi na kuwaalika iliotaka kuwafurahisha. Meza za mbele, chini ya jukwaa, zilikuwa za wenye miradi. Za pembeni, chini ya roshani, jirani na mlango wetu wa jikoni, zilikuwa za wageni katika biashara na za waliokuwa wakiteremka. Maweita tuliijua hali ya soko hata kabla magazeti hayajaiandika: bwana aliyekaa karibu na jukwaa mwaka jana, mwaka huu tunampitia na trei mgongoni mwake. Baina ya supu na nyama nusu ya viti vilikuwa vitupu, kwa kuwa wenyewe walikuwa meza za wengine, wameinama sikioni mwa mtu. Hasa madalali. Sikuwahi kumwona dalali akimaliza sahani yake.

Tuzo zilitolewa baada ya kitindamlo: jengo bora la ofisi, soko bora la maduka, kampuni bora ya mwaka. Mshindi alipiga picha na kikombe, akarudi mezani, akaagiza shampeni. Kisha taa zilipunguzwa, mtu akasimama kuzungumzia vijana wanaolala nje, bahasha zikapitishwa, na mnada ukaanza. Vilivyonadiwa vilikuwa vimetolewa na kampuni zenyewe: wiki katika nyumba ya kifahari Hispania, gongo la kriketi lenye saini za wachezaji, siku ya kucheza gofu.

Hapo ndipo nilipojifunza kutazama. Mnunuzi hakulitazama gongo. Alimtazama mwenye benki aliyeketi meza ya tatu. Kila alipoinua mkono alikuwa akimwambia yule bwana kwamba mambo yake ni mazuri, mkopo wake uko salama, na akija ofisini wiki ijayo kuomba mwingine asimtilie shaka. Wahenga wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ukumbini mle kutoa kulikuwa hati ya utajiri, nayo ilisomwa kwa sauti mbele ya mashahidi.

Sisemi kwamba hawakuwa na huruma. Mwaka 1986 wakubwa wa biashara hiyo walianzisha LandAid, shirika lao la hisani, na fedha zake ziliwafikia kweli watu wasio na pa kulala. Nami niliwaona wahitaji kwa macho yangu. Kazi ikiisha baada ya saa saba usiku tulitembea hadi Trafalgar Square, ambako mabasi ya usiku yalianzia, na njia ya Strand ilikuwa imejaa watu waliolala milangoni mwa maduka. Ng'ambo ya mto, katika njia za chini ya ardhi za Waterloo, palikuwa na mtaa mzima wa maboksi. Watu waliuita mji wa makaratasi. Wengi wao walikuwa vijana wadogo. Tangu Septemba 1988 serikali ilikuwa imewaondolea wengi wa umri wa miaka 16 na 17 posho ya kujikimu, na aliyegombana na wazazi hakuwa na pa kukimbilia.

Aliyenifunza kazi alikuwa mzee wa Unguja aliyefika London baada ya mapinduzi ya 1964. Tulimwita ami. Alikuwa na mkono mwepesi na ulimi mzito, lakini akipita karibu na mnara wa Centre Point hakunyamaza. Jengo lile la ghorofa zaidi ya 30, mali ya Harry Hyams, lilikamilika mwaka 1966 na likakaa miaka mingi bila mpangaji huku thamani yake ikipanda. Januari 1974 wanaharakati wa makazi waliingia na kulikalia kwa siku chache.

"Mwanangu," aliniambia, "nilikuwa nikiosha vyombo mgahawani hapo chini. Ghorofa zote hizo tupu, na watu wamelala kwenye baraza lake."

Nikamjibu kwamba siku hizi matajiri wa majengo wanachangia. Akacheka. "Ngoja riba ipande, uwaone."

Riba ilikuwa imekwisha kupanda. Oktoba 1989 ilifikia asilimia 15. Aliyejenga kwa mkopo akitumaini kupata mpangaji kabla deni halijamlemea, sasa alikuwa na deni tu. Na balaa halikuishia kwa wakubwa: mwaka 1991 pekee, nyumba zipatazo 75,500 zilitwaliwa na wakopeshaji kwa sababu wenyewe walishindwa kulipa. Mei 1992 ikaanguka Olympia & York, kampuni ya ndugu wa familia ya Reichmann kutoka Kanada, waliokuwa wakijenga Canary Wharf na mnara wake wa ghorofa 50. Kabla mwaka haujaisha kampuni nyingine kubwa zilizokuwa zikishika meza za mbele zilikuwa mikononi mwa wafilisi.

Karamu hazikufutwa. Kufuta kungekuwa kutangaza msiba. Zilipunguzwa: meza zikasogezwa mbele ili pengo la nyuma lisionekane, maua yakawa madogo, na mvinyo tuliambiwa tumimine polepole. Wengine walinunua meza nusu na kuijaza makarani wao. Mnada ulipofika, mnadi alitaja bei, akaishusha, akaishusha tena. Watu walikuwa wakichungulia glasi zao. Sasa kuinua mkono kulikuwa na maana nyingine: mwenye benki angejiuliza bwana huyu anachezea fedha za nani. Hivyo hofu ile ile iliyokuwa ikifungua mifuko ndiyo iliyoifunga, na iliifunga wakati ambapo watu wengi zaidi walikuwa wamepoteza nyumba.

Usiku mmoja wa karamu hizo, tukikunja vitambaa vya meza, ami alianza kunihesabia nyumba za wakfu za Mji Mkongwe. Tajiri wa Unguja mwenye nyumba tatu aliweza kuifanya moja wakfu kwa ajili ya msikiti, au ya wajane na mafukara wakae bila kodi, na tangu hapo nyumba ile haikuuzwa wala kurithiwa. "Huyo hata akifilisika kesho," akasema ami, "mjane halali nje. Alichotoa kimeshamtoka."

Maneno yake yalinikaa miaka mingi, mpaka niliporudi Zanzibar na kuzitembelea baadhi ya nyumba hizo. Tangu mwaka 1905 zilikuwa na kamisheni ya kuzisimamia, na bado niliona boriti zilizooza na kuta zenye nyufa. Mtoaji alikuwa ametoa nyumba, akasahau fungu la kuikarabati. Kodi ilikuwa ndogo au haikuwapo, na chokaa na mbao hazinunuliwi kwa thawabu. Nilitamani ami awe hai nimwambie kwamba hata sadaka iliyokwisha kumtoka mtu huhitaji wa kuilisha.

Sadaka ya London nayo ilikuja kuonyesha upande wake mwingine. Januari 2018 gazeti la Financial Times lilifichua yaliyotendeka kwenye dhifa ya hisani ya Presidents Club katika hoteli ya Dorchester, hapo hapo Park Lane. Ilikuwa ya wanaume pekee, wengi wao wakubwa wa biashara, fedha na majengo, na wasichana 130 walikuwa wameajiriwa kuwahudumia. Wengi wao walishikwashikwa bila ridhaa yao. Shirika lililoandaa lilijifunga, na hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ikasema itarudisha michango yake. Wenzangu wa zamani walipigiana simu. Hakuna aliyeuliza kama ni kweli. Tuliokuwa tukibeba trei tulijua kwamba neno hisani likishawekwa kwenye kadi ya mwaliko, mtu huona amekwisha kulipia makosa yake ya usiku ule.

Kwa hiyo kijana wangu anayefanya kazi kwenye ofisi ya wathamini aliponiuliza mwaka jana kama anunue tiketi ya karamu ya namna hiyo, nilimwambia anunue akipenda, ale, apeane mikono, maana biashara ni kujuana. Lakini asiihesabu kuwa sadaka yake. LandAid siku hizi ina mpango wa kuwaunganisha wataalamu wa majengo na mashirika ya hisani ili wawafanyie kazi bila malipo: kupima jengo, kusoma mkataba wa pango, kukadiria gharama za paa. Nikamwambia akajiandikishe huko. Hosteli ya vijana yenye paa linalovuja inamhitaji mtu anayejua bei ya paa, na utaalamu huo haupungui riba inapopanda.